Mwaka Niliomwonjea Tata Njeri

Tulimzika Tata Njeri huko Kalimoni, siku ya Alhamisi, kwenye shamba dogo ambalo yeye na mumewe walilinunua uzeeni. Watu walikuwa wengi, hema zilikuwa tatu, na chakula kililetwa na vijana waliovaa aproni nyeusi na glavu za plastiki. Nilipopewa sahani yangu nilitafuta nafasi kando ya Nduta, binti yake, ambaye sasa naye ni nyanya wa watoto wanne na goti lake moja halikunjiki vizuri. Nikachota mukimo wa viazi na mahindi, nikautia mdomoni. Viazi vilikuwa vimesagwa na mashine hadi vikawa kama uji wa mtoto mchanga, majani ya malenge yalikuwa machache ya kuweka rangi tu, na chumvi ilikuwa imesahauliwa kabisa. Nduta alikuwa akitafuna polepole, macho yake kwenye maua ya kaburi. Akaniuliza bila kugeuka, "Umeonja?" Nikamwambia nimeonja. "Na unasemaje?" Hapo ndipo kicheko kilinishinda, naye kikamshinda. Kina mama waliokuwa mbele yetu waligeuka kuangalia ni jambo gani linaweza kuwachekesha wanawake wawili wazee namna hiyo mazishini. Tulijifuta machozi kwa leso moja, na hatukuwaeleza.

Hapa kwangu Ngoingwa, wajukuu wakija likizo huagiza chipsi kwa simu, boda boda ikazileta getini zikiwa zimelowa ndani ya karatasi, na wakishakula huamini wamekula viazi. Siwagombezi. Lakini tangu siku ya mazishi nimejikuta nikisimama jikoni na kisu mkononi, kiazi hakijamenywa, nikiukumbuka mwaka mmoja niliokaa Ruiru nikiwa na miaka kumi na tisa. Sababu za mimi kupelekwa huko ni za wazazi wangu, na wote wawili wamepumzika, kwa hivyo naziacha. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimemaliza shule, nilikuwa nikingoja barua ya chuo cha ualimu, na barua ilikuwa haiji. Tata ni shangazi kwa Kikuyu, lakini hatukuwa na damu moja. Alikuwa rafiki wa mama yangu tangu usichana wao, na aliposikia nakaa nyumbani bila kazi alituma ujumbe mfupi: mleteni, mimi niko na viazi vya kumenywa.

Nyumba yake ilikuwa ya mawe, vyumba viwili, nyuma ya barabara ya kwenda stesheni. Siku hizo ulivuka mji wa Ruiru kwa dakika tano, halafu ilikuwa ni kahawa pande zote. Leo pale palipokuwa na mibuni pana ghorofa za kupangisha, nguo zimeanikwa kila baraza. Chumba cha mbele kilikuwa na makochi yenye vitambaa alivyodarizi mwenyewe, redio iliyofunikwa kama mtoto aliyelala, na kabati la vioo lenye vikombe ambavyo sikuwahi kuona vikitumiwa. Nililala kwenye godoro nyuma ya kochi kubwa. Jikoni kulikuwa nje, kibanda cha mabati chenye mafiga matatu na majiko mawili ya makaa, na pembeni gunia la viazi vyekundu kutoka Kinangop, udongo mweusi ukiwa bado umevishika. Baba Nduta, mumewe, alitoka alfajiri kushika treni ya kwenda kazini Nairobi, akarudi jua likizama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kila chakula alikisifu kwa neno moja tu: "Sawa." Nduta, mtoto wao wa pekee, alikuwa karani Thika na alikuwa amepanga chumba huko. Alinizidi miaka mitano, alivaa viatu vya kisigino, na alikuwa ameposwa na kijana wa Ngoingwa. Harusi ilikuwa imepangwa mwezi wa nane.

Kazi ya Tata ilikuwa kupika, ingawa hakuwahi kuajiriwa na hoteli hata siku moja. Ukiwa na ubatizo, ukiwa na harambee ya kanisa, ukiwa na ruracio, ile siku upande wa kijana unapoleta mahari, ulimtuma mtu kwa Njeri, naye akaja na mwiko wake mrefu begani kama fundi anayekuja na msumeno. Siku nyingine aliwapikia walimu wa shule ya jirani chakula cha mchana. Siku niliyofika alinipikia viazi na minji, yaani njegere, na nikisema leo kwamba najua kupika mchuzi wa viazi, basi niliujua kwa kumtazama jioni ile. Alikata kila kiazi mara nne, si zaidi, kwa sababu vipande vidogo huvunjika. Kitunguu alikikaanga hadi kikawa na rangi ya chai ya maziwa. Akatia nyanya, akafunika, akaziacha zilainike mpaka mafuta yakapanda juu yenyewe. Ndipo viazi, minji na karoti vikaingia, akavigeuza vikavu kwanza, kisha akamimina maji ya moto yaliyofika mabegani mwa viazi bila kuvizamisha. Mwisho alichukua vipande viwili vilivyoiva, akaviponda humo humo ili mchuzi ushike. Nilikula sahani mbili. Yeye alikaa akinitazama uso, si sahani, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, na mimi nikadhani ni ukarimu.

Ukweli niliujua wiki ya tatu. Ilikuwa mchana, nami nilikuwa nikianika nguo nje, nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nilidhani ni kwa jirani. Harufu ikazidi, nikakimbilia jikoni, na nikamkuta Tata ameketi kwenye kigoda akichambua maharagwe, akiimba wimbo wa kanisa, mgongo wake hatua moja tu kutoka kwenye jiko, na sufuria ya viazi vya mukimo imekauka maji, moshi ukitoka kwenye kifuniko. "Tata! Viazi!" Aligeuka. Alipouona moshi ndipo aliposhtuka, na mimi niliona kabisa kwamba ni macho yake yaliyomwambia. Alishika sufuria kwa upindo wa leso, akaitua chini. Kisha akafunga mlango wa mabati, tukabaki kwenye nusu giza lenye moshi, na akanong'ona kana kwamba mabati yale yalikuwa na masikio.

"Nilipatwa na homa kabla ya Krismasi," alisema. "Wiki mbili kitandani. Nilipoamka, chai ilikuwa maji. Nyama ilikuwa kama kutafuna kitambaa. Nikasema itarudi. Haijarudi."

"Hata harufu?"

"Hata harufu. Daktari aliniambia ningoje. Nangoja."

"Baba Nduta anajua?"

"Hakuna mtu anajua. Na wewe umejua kwa sababu ya hiyo pua yako." Akaanza kukwangua viazi vilivyoshika chini kana kwamba bado vingeweza kuokolewa. "Wairimu, mimi nimepikia harusi za watoto wa kila mtu hapa Ruiru. Mwezi wa nane ninapikia wangu. Wakisikia Njeri hana ulimi, nani atanipa sufuria? Hata mtoto wangu hatanipa. Tayari anataka chakula cha hoteli, cha kuwekwa kwa meza ndefu na vitambaa vyeupe. Wewe utanionjea. Na hutasema."

Nikaahidi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba kitu ila kuchota maji.

Nilifikiri kuonja ni kazi rahisi. Mara ya kwanza nilipochovya kijiko, akaniuliza, nikasema, "Ni mzuri." Akaniangalia kwa huruma. "Mzuri si jibu. Mzuri ni neno la kumwambia mwenye nyumba unapoaga. Mimi niambie: nyanya ni chungu? Kitunguu kimeiva au bado kinauma? Chumvi inakuja mwanzo ama inakuja baadaye?" Sikujua kama chumvi inaweza kuja baadaye. Nilijifunza. Kwa miezi mitano nilitafuta maneno ya vitu nilivyokuwa nimevila maisha yangu yote bila kuvifikiria: kwamba minji za mwisho wa msimu zina ladha ya unga, kwamba mafuta yaliyokaangiwa mara tatu huacha kitu nyuma ya koo, kwamba viazi vyekundu vina utamu mdogo ambao vyeupe havina. Yeye kwa upande wake alinipa alivyobaki navyo, yaani macho, masikio na vidole. Nimefundisha shule kwa miaka thelathini na minne, na mara nyingi nilipomwambia mtoto "mzuri si jibu, eleza," nilisikia sauti yake ikitoka kwenye mdomo wangu.

Mukimo wake niliujua kwa mkono. Mahindi yalichemshwa peke yake tangu asubuhi mpaka punje ikakubali kubinywa kati ya vidole viwili. Viazi vikawekwa juu yake, na majani machanga ya malenge, yaliyotolewa nyuzi na kukatwa, yakawekwa juu ya viazi ili yaivie kwenye mvuke. Chumvi ilitiwa mapema, kwenye maji, kwa sababu kiazi kikishaiva hakiiruhusu tena kuingia ndani. Kisha maji yalimwagwa, lakini si yote. Kikombe kimoja kiliwekwa kando. Hapo aliinuka, akaweka sufuria katikati ya miguu yake, na akaponda vikiwa vingali moto, mwiko ukishuka wima, asikoroge, kwa sababu ukikoroga mukimo unakuwa gundi. Alijua umetosha kwa sauti. Mwanzoni mwiko ulisema tu, tu, tu. Ukikaribia, sauti ilikuwa ya chini, kama mtu anayepiga mto wa kulalia. Mwisho, kitunguu kilichokaangwa kikaingia pamoja na yale maji ya kikombe, kidogo kidogo. Bajia nazo alizijua kwa sikio. Viazi alivikata vyembamba, akavikausha kimoja kimoja kwa kitambaa, kazi niliyoichukia sana. Unga wa dengu aliuchanganya na chumvi, manjano, kitunguu saumu, pilipili na dania nyingi iliyokatwa, akaongeza maji mpaka uji ukakiacha kidole polepole. Tone moja la uji ndani ya mafuta: likizama na kukaa, subiri, likipanda mara moja likiimba, anza. "Usijaze sufuria," alikuwa akisema. "Bajia zinataka nafasi ya kugeuka, kama watu." Na zikiwa tayari kelele hupungua, kwa sababu maji ya kiazi yameisha. Mimi niliuma moja tu na kusema pilipili imefika wapi.

Mambo yaliharibika mwezi wa sita, na niliyeyaharibu ni mimi. Jumapili moja kulikuwa na harambee ya kununua mabati ya kanisa, na Tata alipewa chakula chote: mukimo, mchuzi wa nyama, kabeji. Nduta alikuja kutoka Thika pamoja na mama wa mchumba wake, mama mmoja mtaratibu wa Ngoingwa aliyevaa kofia ya bluu, na ilieleweka kwamba mama huyo amekuja kuonja mkono wa Njeri kabla ya harusi. Jikoni kwa kanisa kulikuwa na wasichana watatu wa kwaya waliotumwa kupanga sahani. Kila nilipochovya kijiko na kulamba, walicheka. "Huyu amekuja kushiba kabla ya wageni," mmoja alisema. "Nyumbani hawampi?" Niliona aibu iliyonichoma masikio. Tata alikuwa ametoka kwenda mferejini. Nilikuwa nimeshaonja maji ya mukimo nikaona hayana chumvi, nikatia kiganja kizima. Sikujua kwamba yeye alikuwa ametia chake dakika moja kabla, kikiwa bado kimelala chini. Baadaye, ulipokwisha kupondwa, Tata alinitazama kwa jicho lile tulilozoea. Wasichana walikuwa wakiniangalia. Sikushika kijiko. Nilitikisa kichwa tu, kwamba ndiyo, uko sawa.

Naweza hata leo kuona ule ukumbi kupitia dirisha la kupakulia. Watu wa kanisa hawalalamiki. Walikunywa maji. Niliona mikono ikinyooshwa kwenye majagi, nikaona majagi yakijazwa upya. Mama wa kofia ya bluu alikula vijiko viwili, akasogeza sahani kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayeficha kitu. Nduta alikuwa ameinamisha kichwa. Halafu, tulipokuwa tukiosha sufuria, tulisikia maneno kutoka upande wa pili wa ukuta wa mbao, ambako wamama walikuwa wakikusanya sahani.

"Njeri siku hizi anapika akili ikiwa wapi?"

"Ni uzee."

"Uzee gani? Hajafika hata hamsini."

"Basi amejiona. Mtu akisifiwa sana anaacha kuonja." Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Mwikali, jirani yetu, Mkamba mwenye moyo mzuri aliyetuletea maembe kila msimu. "Mimi nasema tu, tusimpe tena sufuria kubwa. Apewe chai."

Tata aliendelea kukwangua. Wasichana wa kwaya walikuwa hapo hapo, nami nilikuwa hapo hapo, na alichotakiwa kusema ni neno moja: Wairimu. Hakulisema. Alisuuza sufuria, akaiinamisha ukutani, akajifuta mikono na kuniambia twende nyumbani. Jumapili ile ile Nduta alisimama mlangoni akiwa na mkoba wake, akamwambia mama yake kwa upole wa kusikitisha kwamba ameamua chakula cha harusi kitatoka hoteli ya Thika, ili maitu, mama yake, apumzike na akae kama mama wa bibi harusi. "Ni sawa," Tata alisema. "Utakuwa umenipumzisha."

Ningenyamaza. Nilikuwa nimeahidi, na woga ulikuwa umefanana sana na uaminifu hata sikuweza kuvitenganisha. Aliyenitoa hapo ni Baba Nduta, na hakujua. Siku ya pili jioni alirudi kutoka kwenye treni, akaketi mezani, nami nikampelekea sahani ya viazi na kabeji. Tangu harambee Tata hakuwa ameniita nionje chochote. Nilirudi kuchukua jagi la maji na nikamwona, kupitia pazia la mlango, akiingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake. Alitoa kipande cha gazeti kilichosokotwa, akakifungua, akanyunyiza chumvi juu ya chakula, akakifunga na kukirudisha mfukoni. Alifanya hayo kwa haraka na ustadi, kama mtu aliyeyafanya mara nyingi. Gazeti lenyewe lilikuwa limelainika kama kitambaa. Alipoinua macho aliniona. Hakushtuka. Aliweka kidole mdomoni, akatazama upande wa jikoni, na Tata alipoingia akimuuliza chakula kiko aje, alijibu kama kawaida: "Sawa."

Kwa hivyo alikuwa akijua tangu mwanzo, Tata alikuwa akimficha, naye mumewe alikuwa akimficha Tata kwamba anajua, na wote wawili walikuwa wakipendana hivyo kimya kimya juu ya sahani moja. Mimi sikuwa na uvumilivu wa aina hiyo. Jumanne alfajiri nilisema naenda Thika kuuliza habari za barua yangu, na nikaenda moja kwa moja hadi chumba cha Nduta nyuma ya soko. Alikuwa akipiga pasi blauzi ya kazini. Nilimweleza nikiwa nimesimama: chumvi ile ilikuwa yangu, mama yake hakukosea, mama yake hawezi kuonja wala kunusa tangu Krismasi, na mimi ndiye niliyekubali kwa kichwa bila kuonja kwa sababu wasichana wa kwaya walikuwa wananicheka.

Nduta aliiweka pasi wima. Nilifikiri atanitukana. "Mwezi wa pili nilimpelekea manukato," alisema. "Chupa ndogo. Nikamwambia anuse. Akafunga macho, Wairimu. Akafunga macho kabisa, akasema, 'Yanakaa kama maua.'" Akakaa kitandani. "Na mimi nikaenda nikijua nimemfurahisha." Alilia kama mtoto, akijifuta na ile blauzi aliyokuwa akiipiga pasi, mpaka ikabidi tuianze upya.

Hakumwambia mama yake chochote. Jumamosi iliyofuata alifika Ruiru bila viatu vya kisigino, akafunga leso kiunoni, na akasema ameghairi habari ya hoteli. "Nitaenda kwa watu nikiwa sijui kuponda hata mukimo," alisema. "Mama mkwe ataniuliza ulifunzwa nini. Maitu, wewe ndiye utapika, lakini mimi nitasimama hapa nijifunze." Tata alimwangalia kwa muda. Alitaka kukataa, nadhani, kwa sababu jikoni sasa kungekuwa na mtu wa kumgundua. Lakini furaha ilimshinda. Alimpa kisu na beseni la viazi, na tangu hapo kila Jumamosi tulikuwa watatu, maganda yakirundikana katikati yetu, na Nduta, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wangu katika kila maana, akionja kila kitu na kusema bila kuulizwa. "Hii nyanya ni chungu." "Pilipili imenipita." Alisema kwa sauti ya mwanafunzi msumbufu. Nilimwona Tata akisikiliza na kurekebisha, mkono ukienda kwenye sukari, mkono ukirudi.

Asubuhi ya harusi tulianza kupika jua likichomoza, uani, kwenye mafiga makubwa. Sufuria tatu za mukimo, na nyungo mbili za bajia zilizofunikwa kwa vitambaa. Mama Mwikali alikuwapo, amekuja kusaidia na, nadhani, kuangalia. Nduta alitakiwa kuwa ndani akivalishwa. Badala yake alitoka akiwa na rola kichwani na shali juu ya shimizi, akapita katikati ya wamama waliopiga kelele kwamba moshi utamharibia nywele, akachota mukimo kwa kidole na kuula. Alifikiri. Kisha akasema, si kwa sauti ya mwanafunzi sasa, bali polepole na karibu na sikio la mama yake, huku mimi nikiwa nimesimama kati yao na Mama Mwikali: "Maitu, sufuria ya katikati bado kidogo. Hizi mbili ziko sawa. Chumvi inakuja baadaye, inavyotakiwa."

Tata aliacha kuponda. Maneno yale yalikuwa yake, hakuna mtu mwingine Ruiru aliyeyatumia, na alijua aliyempa binti yake. Alinigeukia. "Ulimwambia."

"Nilimwambia, Tata."

Nilingoja. Alimtazama binti yake na rola zake, kidole kikiwa na mukimo, na uso wake ukapita mahali pengi kabla haujatulia. "Na wewe umekuwa hapa Jumamosi zote," alimwambia, "unajifanya huna adabu."

"Sikuwa najifanya," Nduta akasema, na Tata akacheka hadi ikabidi auegemee mwiko. Kisha akampa mkebe wa chumvi. Alimwacha atie mwenyewe. Wageni walikula wakarudia, mama wa kofia ya bluu akaomba afungiwe bajia za kwenda nazo Ngoingwa, na Mama Mwikali, mdomo ukiwa umejaa, alimwambia kila mtu kwamba yeye siku zote alisema hakuna kama Njeri.

Ladha ya Tata haikurudi vizuri. Miaka mingi baadaye aliniambia limau analisikia kwa mbali, kama redio ya jirani, na moshi wakati mwingine. Alipika hivyo hivyo karibu miaka thelathini, kila wakati akiwa na binti, mjukuu au mke wa jirani wa kumwonjea, naye akiwaambia ni mafunzo. Baba Nduta alifariki kabla yake, na sikuuliza kamwe kama aliwahi kumwambia kuhusu ile karatasi ya mfukoni.

Barua yangu ya chuo ilifika mwezi wa kumi na moja. Siku ya kuondoka Tata alinikataza kuingia jikoni. Aliniketisha chumba cha mbele kama mgeni, kwenye kochi nililokuwa nimelala nyuma yake mwaka mzima, na mimi nikasikiliza kisu chake, mafuta yake, kifuniko kikiwekwa. Nduta alikuwa kwake Ngoingwa. Hakukuwa na mtu wa kumwonjea. Alikuja na viazi vilivyokaangwa na kitunguu na binzari, vya rangi nzuri, akaniwekea mbele, akasimama akishika mikono yake, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kitu. Nilikula kijiko kimoja. Nilijua kwamba ningeweza kumwambia neno lolote zuri naye angelibeba siku nyingi. Nikatafuna, nikafikiri vizuri, jinsi alivyonifundisha.

"Binzari imezidi, Tata," nikasema. "Na kitunguu kimepita, kina uchungu kidogo. Lakini viazi vyenyewe vimeiva vizuri hadi ndani."

Alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akaenda jikoni, akarudi na sahani nyingine na kijiko, akaketi kando yangu kwenye kochi.

"Basi sogea," akasema. "Tule hivyo hivyo."

Tukala hivyo hivyo, mpaka sufuria ikaisha.